Sumie na Mashine Iliyokuwa Ikichoka

Mke wangu Sumie alifariki mwezi wa kumi. Tangu hapo kila anayekuja kuoga ananisimulia habari ya Sumie na muuza tofu, na kila mtu ana yake. Mmoja anasema Sumie aliiba kura. Mwingine anasema alimpiga muuza tofu kwa beseni. Kura aliiba. Beseni si kweli. Naandika ilivyokuwa.

Tulitoka Noto, rasi ya kaskazini, kama wenye mabafu wengi wa hapa Osaka. Bafu hili la umma, Chidori, lilikuwa la baba yangu. Kazi yangu iko nyuma: kuni, tanuru, mabomba. Maseremala wananiletea mbao za nyumba zilizobomolewa, nazikata, nazichoma. Kazi ya Sumie ilikuwa mbele: kupokea watu, kuuza sabuni na maziwa ya chupa, kusikiliza magomvi ya mtaa mzima na kuyatia chumvi.

Alikuwa mfupi, mikono mipana. Nilimwoa akiwa na miaka ishirini na mbili. Siku ya kwanza tu mama yangu alimpa sheria ya nyumba: sisi tunaoga mwisho. Mteja akikuta sakafu imelowa kabla yake, atajua mwenye bafu amejipendelea, na harudi.

Sumie akasema ndiyo, mama. Akaoga maji ya mwisho miaka ishirini na mitano.

Asiyeyajua maji ya mwisho nimweleze. Watu mia mbili wameshajilowesha humo hodhini. Maji yamepoa, yamekuwa mazito kidogo, na kuna unywele mmoja unaokufuata kila unakohamia. Maji ya kwanza ni kitu kingine. Yanauma. Vigae vya chini unaviona mpaka nyufa zake. Mvuke umesimama wima kwa sababu hakuna aliyeuvuruga. Mama yangu alifanya kazi hapa maisha yake yote, hakuwahi kuyaingia, akafa. Sumie alikuwepo akiona. Akaanza kutafuta njia.

Njia ilikuja ndani ya gari dogo la Odagaki. Huyu alikuwa anakodisha mashine za gemu kwenye mabafu na mikahawa. Alituletea ya meza: kioo juu, kijiti na vitufe viwili pembeni. Ukitoka kuoga unaketi, unaweka maziwa yako pale juu, unatia sarafu ya yeni hamsini, unacheza. Gemu yenyewe ilikuwa ya ndege mdogo aitwaye Mbayuwayu. Anaruka, anapiga risasi, maadui wanamiminika kutoka juu, na mwisho wa safari kuna kaa mkubwa anayetema moto kama bomba lililopasuka.

Mtaa mzima uliugua Mbayuwayu. Aliyeugua zaidi alikuwa Kuroiwa wa kona ya pili, muuza tofu, ile jibini laini ya soya. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa kushinda ndani ya maji, na ilikuwa na kasi. Alipiga kila kilichotokea. Meza ilitikisika, maziwa ya watu yakamwagika.

Sumie alicheza asubuhi, kabla hatujafungua, akisingizia kufuta kioo. Siku moja aliniita.

"Mzee, njoo uone. Hii mashine ina moyo wa mzee."

"Una maana gani?"

"Ukiipa kazi nyingi kwa mara moja inachoka. Tazama."

Akacheza. Hakupiga. Aliwaacha maadui wadogo wakajaa, wakarundikana, risasi zikafunika kioo kizima kama mchele uliomwagika. Nikadhani amekwisha. Ghafla kila kitu kikaanza kwenda polepole. Mashine ilikuwa imeelemewa. Na Sumie akampitisha Mbayuwayu wake katikati ya zile risasi, taratibu, kama anavyopita katikati ya watu wanaojisugua migongo, akisema samahani, samahani, napita.

"Usimwambie mtu," akasema.

Nani ningemwambia? Mimi naongea na mbao.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo, 1991, alibandika tangazo kando ya friji ya maziwa. Mashindano ya Mbayuwayu, Ijumaa, siku yetu ya kufunga bafu. Zawadi: tarehe mbili Januari, siku ya maji ya kwanza ya mwaka, mshindi ataingia hodhini robo saa kabla ya watu wote, peke yake.

Watu walishangilia. Zawadi gani nzuri hivi! Wakajiandikisha kumi na wanane. Sumie akawa wa kumi na tisa, mstari wa chini, herufi ndogo.

Akashinda.

"Mama," Kuroiwa akamwambia, "zawadi umeitunga wewe, umeichukua wewe."

"Kwani nilikukataza kushinda?"

"Unacheza kama bibi anayeokota mawe kwenye maharage!"

"Na bibi amekupita."

Tarehe mbili Januari nilijaza mahodhi kama kila mwaka. Sumie akaingia, watu wamepanga foleni nje kwenye baridi. Mimi nilikuwa nyuma kwenye tanuru. Kuna kidirisha kidogo kule juu ya mabomba, sauti zinapita. Nilimsikia akitoa mlio mmoja, mrefu, kama mtu aliyetua mzigo. Kisha kimya robo saa nzima. Alitoka mwekundu, akaketi mbele kwenye kiti chake, akapokea watu mpaka jioni akiwa anang'aa. Wateja walimtazama na hakuna aliyeona kosa. Alikuwa ameshinda, basi.

Ikawa hivyo kila mwaka. Alishinda mara ishirini na nne mfululizo. Kuroiwa alikuwa wa pili mara kumi na tisa. Mara nyingine tano alikuwa na mafua, au msiba, au alisema alikuwa na mafua.

Sasa nifike kwenye mwaka wenyewe. Ulikuwa 2015. Sumie alikuwa na miaka sabini na mmoja, na miguu ilikuwa imeanza kuvimba jioni. Mashine nayo ilikuwa mgonjwa. Rangi nyekundu ilikuwa imekufa, kila kitu kijani na bluu, na mstari mweupe ukikatiza katikati. Odagaki aliifungua, akaitazama kama daktari asiyetaka kusema.

"Kioo cha aina hii hakitengenezwi tena," akasema. "Itakufikisha mwaka mpya. Baada ya hapo sijui."

Kuroiwa alikuwa pale na maziwa yake. Nikaona masikio yake yakisimama.

Kesho yake alikuja na mfuko. Ndani mlikuwa na kidude cheusi, ukubwa wa kisanduku cha chakula cha mchana. Akakichomeka kwenye televisheni ya sebule ya wateja bila hata kuuliza.

"Jamani njooni!" akaita. "Mbayuwayu! Wenye gemu wameitoa upya. Ni ile ile, wameisafisha tu."

Watu wakaja na taulo shingoni. Kweli ilikuwa nzuri. Mawingu yalikuwa mawingu. Muziki ulipigwa kwa vinanda vya kweli. Na alipofika mwisho, kwa yule kaa, chumba kizima kilipiga kelele.

"Mbona si kaa!"

"Ni ngome! Ile ni minara!"

"Miaka ishirini na tano nampiga kaa, kumbe ni jumba la mtu?"

"Mimi nilimpenda kaa," akasema mke wa muuza samaki kwa huzuni.

Kuroiwa akamgeukia Sumie. "Haya Mama. Karibu."

Sumie akaketi. Akawaacha wadogo wajae, kama kawaida yake. Wakajaa. Risasi zikafunika kioo. Akangoja mashine ichoke.

Haikuchoka. Risasi zilimshukia kwa mbio ile ile, safi, zinameremeta, na Mbayuwayu akafa. Akafa tena. Akafa mara ya tatu. Dakika nne hazijaisha.

Sumie akafuta miwani.

"Macho yangu," akasema.

"Mashindano ya mwaka huu," Kuroiwa akasema, sauti tamu, "tuyafanyie kwenye hii. Ile nyingine imeoza, Mama. Mwenyewe unaiona."

"Hii siyo Mbayuwayu. Hii ni mtu mwingine amevaa jina lake."

"Ni ile ile, imeoshwa! Mwenye bafu unaogopa kitu kilichooshwa? Hata mimi tofu yangu siku hizi natengeneza kwa mashine mpya. Umewahi kulalamika?"

"Kila siku. Ila husikii."

Watu wakacheka, lakini niliwaona wanavyoitazama ile televisheni. Usiku huo Sumie alioga mwisho kama kawaida. Alipotoka aliketi kwenye ngazi, nikawa namkanda miguu.

"Haichoki," akaniambia. "Kitu kisichochoka hakina adabu."

"Maji ya kwanza ni robo saa tu, Sumie."

"Ndiyo robo saa yenyewe. Unadhani nimebakiza Januari ngapi?"

Nikaendelea kukanda.

Walikubaliana kupiga kura Jumapili, watu wakishaoga. Kila mteja ana kibao cha mti chenye namba, ndicho ufunguo wa kabati lake la viatu. Kuroiwa akasema tupige kura kwa vibao hivyo. Beseni la njano ni mashine ya zamani, beseni la bluu ni hii mpya. Walikuwa watu ishirini na watatu. Hakuna aliyefikiri kwamba ukishatoa kibao hupati viatu mpaka kura ihesabiwe.

Sumie alihesabu mwenyewe, polepole sana.

"Hesabuni jamani!" mke wa muuza samaki akapiga kelele. "Nimeacha mchuzi motoni!"

"Bluu, kumi na nne," Sumie akasema. "Njano..." akakung'uta beseni. "Njano, kumi na sita. Ya zamani imeshinda. Asanteni, nendeni nyumbani."

Kuroiwa aliinua mkono. Yule mtu anauza vipande vya tofu toka utotoni, idadi haimpiti.

"Mama, kumi na nne na kumi na sita ni thelathini. Sisi tuko ishirini na watatu."

"Wengine wamepiga wakaenda."

"Wameenda pekupeku?"

Akaingiza mkono kwenye beseni la njano, akatoa kibao kimoja, akakisoma kwa sauti. "Thelathini na moja. Kabati namba thelathini na moja mlango wake umepigiliwa misumari tangu mafuriko. Nani anaweka viatu humo?"

Watu wote wakamgeukia Sumie.

"Mzee mmoja wa zamani," akasema Sumie. "Haonekani sana."

Walicheka mpaka mtu mmoja akakaa chini. Hata Kuroiwa alicheka, lakini akaendelea kutoa. Vibao saba vilikuwa vya makabati yasiyo na mtu. Ikabaki kumi na nne kwa tisa. Mpya imeshinda.

Sumie aliinama. "Nimekosea kuhesabu," akasema, bila haya hata kidogo.

Zilibaki wiki tano. Kuroiwa alikiacha kidude chake sebuleni ili watu wote wazoee, akasema hataki kuambiwa kaiba. Sumie alicheza nacho kila asubuhi. Nilikuwa nampelekea chai, inapoa. Alikuwa anatukana kwa lugha ya Noto, maneno niliyokuwa sijayasikia tangu bibi yangu afe. Ilibidi ajifunze kupiga, yeye aliyezoea kuacha. Kutoka dakika nne akafika sita. Akafika tisa. Siku moja alifika kwenye ngome, akaifuata moja kwa moja kama anamfuata kaa, akafa, akaniangalia.

"Nilikuwa namkaribia," akasema.

Ijumaa ya mashindano sebule ilijaa. Kuroiwa alivaa shati jipya. Wakacheza mmoja mmoja. Wengi walikufa mapema. Sumie alicheza wa mwisho kasoro mmoja, na alicheza vizuri kuliko siku zote, akaibomoa nusu ya ngome. Watu walisimama. Kisha akaja Kuroiwa, na ile mikono yake. Alimpita. Si kwa mengi. Mnara mmoja.

Kuroiwa hakushangilia. Alikaa tu, mikono imelegea magotini, kama mtu aliyesukuma mlango miaka mingi na leo umefunguka bila kelele.

Sumie alimwinamia mpaka paji la uso likakaribia mkeka. "Hongera, Bwana Tofu. Maji ya kwanza ni yako."

Mimi nikaingiwa na wasiwasi. Sumie akiinama chini hivyo, kuna jambo.

Wiki zile mbili hakusema kitu. Alipika, akaosha, akauza sabuni. Nilifikiri amekubali. Nikamwonea huruma, nikamnunulia kaa wa kweli kutoka Noto kwa sikukuu. Akamla wote peke yake.

Tarehe mbili Januari nilijaza mahodhi, nikachochea. Saa kumi na mbili kamili asubuhi Kuroiwa alifika na taulo mpya begani. Nje walikuwa wamepanga foleni kama watu thelathini, mabeseni mkononi, pumzi zinatoa moshi. Sumie alimpokea, akamfungulia upande wa wanaume, akainama tena. Kisha akafunga mlango mkubwa kwa ufunguo. Mimi nikarudi kwenye tanuru langu.

Kupitia kidirisha nilimsikia Kuroiwa akijimwagia maji, akaingia hodhini. Akatoa mlio. "Aaaah." Nikasikitika. Nilikuwa nimeuzoea wa mtu mwingine.

Kisha, upande wa pili wa ukuta, nikasikia beseni likigonga kigae. Chwaa. Maji. Na mlio ninaoujua.

"Bwana Tofu," sauti ya Sumie ikapita juu ya ukuta. "Maji yakoje?"

Upande wa wanaume maji yakaruka.

"Nani huyo?"

"Nani mwingine?"

"Mama! Unafanya nini huko? Leo ni mimi!"

"Ni wewe huko kwa wanaume. Kuna mtu amekugusa? Huku ni kwa wanawake. Kati ya wanawake nani alikuwa wa kwanza Ijumaa ile?"

"Wewe."

"Basi."

"Huu ni wizi!"

"Mahodhi ni mawili, Bwana Tofu. Na ukuta upo. Ulitaka niingie huko kwako?"

Nje watu walikuwa wamesikia. Nikasikia kicheko kikipita kwenye foleni.

Maji yakatulia. Nami nimesimama na kipande cha mbao mkononi, nikaanza kufikiri jambo ambalo sikuwahi kulifikiri, mimi niliyejaza mahodhi yote mawili kila mwaka kwa mikono yangu. Kuroiwa akalifikia kabla yangu.

"Mama," akasema polepole. "Miaka ile kumi na tisa niliyokuwa wa pili..."

"Ulikuwa wa kwanza wa wanaume. Ndiyo."

"Na hodhi hili..."

"Lilikuwa limejaa. Mzee analijaza kila mwaka, moto, safi. Mimi niko huku, lenyewe limekaa tu huko."

"Robo saa nzima?"

"Robo saa nzima."

"Na mimi nje kwenye baridi!"

"Nilikuwa nakusikia ukipiga chafya."

"Ulijua tangu lini?"

Sumie alipiga maji kidogo kwa kiganja. "Tangu mwaka wa pili."

"Na hukuniambia!"

"Hukuuliza."

"Sasa kama maji yako yalikuwepo tu, mbona uliipigania ile mashine iliyooza? Mbona uliiba kura?"

"Kwa sababu kwa ile ningeshinda," Sumie akasema, "na wewe usingejua."

Nilingoja Kuroiwa atukane. Nikasikia kitu kama mtu anayekohoa. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akameza maji, akakohoa kweli, na upande wa pili Sumie naye akaanza, kile kicheko chake cha kukoroma, na vigae vikakirudisha.

Robo saa ikaisha. Nikagonga bomba.

"Muda," nikasema kwenye kidirisha.

"Sitoki!" akajibu Kuroiwa. "Leo naoga ya miaka kumi na tisa. Nimeanza sasa hivi na mwaka wa tisini na mbili!"

"Yeye akikaa, na mimi nakaa," akasema Sumie.

Kule nje mke wa muuza samaki alianza kupiga mlango kwa beseni. "Tunaganda huku! Fungueni! Mzee, watoe!"

Ufunguo ulikuwa kwenye nguo za Sumie, kwa wanawake, nisikoweza kuingia. Lakini bomba la maji ya moto lilikuwa hapa, mbele ya mkono wangu. Ningelifunga, wangetoka wote wawili kabla ya dakika kumi.

Nikafungua mlango wa tanuru, nikaongeza kuni.